Kaunti ikivunjwa, taka zitazolewa na nani?

Mhariri,

Kila bajeti ikisomwa, hakosi mtu redioni wa kusema kaunti 47 ni mzigo, ziunganishwe zibaki chache. Hao ningependa wakatazame yaliyoipata Merseyside, kaunti ya Liverpool kule Uingereza, ambako meli yetu ilikuwa ikifunga gati miaka ya themanini.

Kaunti ile ilianza kazi tarehe 1 Aprili 1974, kwa sheria iliyopitishwa 1972 na serikali ya Conservative ya Edward Heath. Ilimega Lancashire huku na Cheshire kule, ikawa na wilaya tano: Liverpool, Sefton, Knowsley, St Helens na Wirral. Hoja yenyewe ilikuwa na maana. Mto Mersey umewagawa, watu wanavuka kwenda kazini kama sisi wa Likoni, basi lazima pawe na baraza moja la kupanga barabara, mabasi na yale mahandaki ya chini ya mto. (Wenzetu wana mahandaki, sisi bado twakimbizana na feri.)

Chama kile kile ndicho kilichokuja kuivunja. Mwaka 1981 wapinzani wao wa Labour walishinda mabaraza yote sita ya kaunti za miji mikubwa kama hiyo, pamoja na la London. Mwaka 1983 Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative, akaingia uchaguzini akiahidi kuyafuta, eti yanafuja pesa, na tarehe 31 Machi 1986 ikawa ndiyo siku yao ya mwisho. Kwangu mimi hiyo ilikuwa siasa iliyovishwa koti la uhasibu.

Kazi hazikufutika. Polisi wakapata bodi yao, zimamoto yao, taka yao, mabasi na mahandaki yao, na bodi zenyewe zikajazwa zaidi na madiwani waliotumwa na wilaya. Mwananchi hakuwapigia kura ya kukaa huko. Hata jumba la makumbusho ya ubaharia, ambalo kaunti ililifungua bandarini mwaka 1980, ilibidi lichukuliwe na serikali kuu. Nilikuwa nikishinda mle kutazama vijimeli vya mfano, kila kamba ya tanga imefungwa fundo lake sawasawa.

Kisha 2014 wakaunda mamlaka ya pamoja, wilaya zile zile tano na jirani yao Halton juu yake, na 2017 wakachagua meya wa eneo zima. Miaka 28 kurudi karibu pale pale!

Nasi si wageni wa mambo haya. Serikali zetu za majimbo za 1963, Pwani ikiongozwa na Ronald Ngala, hazikumaliza hata miaka miwili. Tuliokuwapo twajua madaraka yalikokwenda: Nairobi.

Kwa hivyo anayetaka Mombasa ichanganywe na Kwale au Kilifi atwambie kwanza malori yapelekayo taka Mwakirunge yatakuwa ya nani, na wauguzi wa hospitali ya Makadara watadai mshahara kwenye mlango upi. Ya gharama tutayazungumza baadaye.

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa