Kabari iliyolegea humrahisishia mwizi kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo katika mijadala yetu ya usafiri wa reli hutajwa mwishoni, au halitajwi kabisa, nalo ni namna reli zinavyofungwa kwenye mataruma ya chuma, yaani vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli ili kuzibeba. Kila mabehewa yanapoacha njia katika reli yetu ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, maelezo yanayotufikia huwa mawili tu: ama mvua imesomba tuta, ama watu wasioitakia nchi mema wameng'oa vyuma. Maelezo yote mawili yana ukweli wake. Hata hivyo, sisi tuliofanya kazi ya matengenezo ya njia tunajua kwamba yupo mhusika wa tatu, ambaye ni kabari iliyolegea ikaachwa bila kukazwa, na kwamba mara nyingi huyo ndiye anayewatangulia wale wawili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuinama na kuitazama njia ya reli kwa karibu, taruma la chuma ni bamba lililokandamizwa kiwandani likawa na umbo la mfereji uliofunikwa kifudifudi, na ncha zake mbili zikakunjwa kuelekea chini ili zijichimbie ndani ya kokoto na kuizuia njia isisogee ubavuni. Mahali reli inapokaa, bamba hilo huwa limeinuliwa masikio ya chuma upande huu na upande huu. Kitako cha reli, yaani sehemu yake pana ya chini, hulala katikati ya masikio hayo, kisha kabari ya chuma, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, hupigwa kwa nyundo ipite kati ya sikio na kitako mpaka ishike. Yapo pia mataruma yasiyo na masikio bali yenye matundu. Katika hayo hupitishwa bolti yenye kichwa cha kulabu, kibamba kidogo cha chuma hukandamiza ukingo wa kitako, na nati hukazwa juu yake kwa spana. Hakuna msumari na hakuna gundi, na kila treni inayopita juu yake hutegemea mshiko huo.

Waliojenga reli za Afrika Mashariki hawakuchagua chuma kwa bahati mbaya. Waingereza walioanza kutandika njia kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na Wajerumani walioanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, wote walikuwa wakipita katika nchi ya mchwa, na taruma la mti lisilotiwa dawa halidumu hapo. Taruma la chuma, mbali na kumshinda mchwa, ni jepesi kubeba, na hupangwa moja juu ya jingine katika meli bila kupoteza nafasi. Kwa njia ya Mombasa hadi Kisumu peke yake, yenye urefu wa kilomita zipatazo 937, inakadiriwa kwamba yalitumika mataruma milioni 1.2 na kabari milioni 4.8, yaani kabari nne kwa kila taruma. Ukigawanya, unapata kabari zaidi ya 5,000 katika kila kilomita moja. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba kazi ya kukaza kabari haimaliziki siku ya ujenzi, bali ndiyo kwanza huanza siku hiyo.

Sasa niingie katika kiini cha hoja yangu. Watu wengi, na kwa masikitiko hata baadhi ya wanaosimamia kazi hii, hudhani kwamba kabari ikilegea dawa yake ni nyundo. Nyundo ni dawa pale tu ambapo kila kitu kingine ni kizima. Kabari hulegea kwa sababu kuna kitu kinachotikisika, na katika taruma la chuma mtikisiko huo kwa kawaida huanzia chini. Tumbo la taruma hilo liko wazi, na lisipojazwa kokoto na kushindiliwa barabara kutoka pande zote mbili, taruma huning'inia kwenye reli badala ya kuibeba. Gurudumu likifika, taruma hushuka, likipita, hupanda, na behewa lenye magurudumu manane huifanya kazi hiyo mara nne mfululizo. Katika vipande vya njia vinavyoingiliwa na maji, kama kile cha kati ya Kilosa na Gulwe ambacho mto Mkondoa umekuwa ukikivuruga tangu zamani na ambacho kiliharibiwa vibaya na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, kokoto huchanganyika na tope, tope hukauka, na chini ya taruma hubaki pango. Hapo unaweza kukaza kabari asubuhi ukazikuta zimelegea baada ya treni chache za mizigo. Anayekaza bila kushindilia anapoteza jasho lake bure.

Jambo la pili ni uchakavu wa masikio na matundu. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi, mnyapara wa genge letu, alikuwa akitembea na nyundo yenye mpini mrefu, akiigonga kila kabari mara moja bila hata kuinama. Kabari iliyoshika hutoa mlio mkali na nyundo hurudi juu yenyewe; kabari iliyolegea hutoa kishindo kizito kisicho na mlio, na nyundo hubaki pale pale. Lakini alichotusisitizia zaidi ni kabari inayotoa mlio mzuri huku imezama mpaka mwisho, upande wake mnene ukiwa umegusa sikio. Hiyo, alisema, imemaliza safari yake: haina tena mahali pa kwenda, na ikilegea kesho haitakazika. Maana yake ni kwamba sikio limelika, au ukingo wa kitako umelika, au vyote viwili. Mtu asiyejua huendelea kuitwanga, na sikio lililochoka hupata ufa kwenye shina lake, ufa ambao huonekana tu ukiusafisha kutu na kuutazama kwa makini. Siku sikio hilo linapokatika, taruma zima huwa limepoteza kazi upande ule, na mzigo wake huhamia kwa jirani zake wawili, ambao nao ni wazee wa umri uleule.

Katika hali hiyo zipo njia za kitaalamu ambazo si ngeni: kuweka kabari nene zaidi iliyotengenezwa kwa kipimo, kuweka kipande cha chuma cha kujazia kati ya sikio na kitako, kuchomelea na kulirudishia sikio umbo lake katika karakana, au kulitoa taruma na kuweka jingine. Isiyo njia ya kitaalamu ni kuchomeka kipande cha nondo, jiwe au ubao, vitu ambavyo nimewahi kuviona kwa macho yangu vikiwa vimeshikilia reli kwenye kona. Nimeona pia kabari zikipakwa grisi ili ziingie kwa urahisi. Bolti za viungo vya reli hupakwa mafuta, na ni sawa. Lakini kabari hushika kwa msuguano, na anayeipaka grisi anakiondoa kile kinachoishikilia.

Joto nalo lina mchango wake. Reli yenye urefu wa mita 12 ikipanda joto kwa nyuzi 30, jambo la kawaida kati ya alfajiri na adhuhuri ya Dodoma, hurefuka kwa milimita zipatazo 4, na treni zinapofunga breki huisukuma reli mbele kidogo kidogo. Ndiyo maana katika njia moja inayotumiwa na treni za kwenda na kurudi, kabari hupigwa kwa kupishana mwelekeo, ili reli ikitaka kutambaa upande wowote ikute kabari zinazokazika badala ya kufunguka. Ni kanuni rahisi, lakini ukikuta kabari za kipande kizima zimepigwa zikielekea upande mmoja, ujue hapo palipitiwa na vibarua walioachwa bila msimamizi.

Nije kwa wezi. Wizi wa vyuma vya njia hii ni wa zamani kama njia yenyewe. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, katika nchi ya Wanandi, bolti za reli na waya za simu zilichukuliwa kutengenezea mapambo na silaha, ingawa wale walikuwa wakipigana na mkoloni na hawakuwa wakitafuta pesa ya mizani. Mwizi wa leo anauza kwa kilo. Mwezi Januari 2022 serikali ya Kenya ilisitisha biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, kisha ikaondoa zuio hilo mwezi Mei mwaka huohuo, na sidhani kuna anayeamini kwamba miezi hiyo michache iliumaliza uchu wa chuma. Siwatetei wezi hata kidogo, wala wanunuzi wao, kwa kuwa kabari ya reli haina matumizi mengine yoyote duniani na anayeipokea kwenye mzani wake anajua fika imetoka wapi. Ninachosema ni kwamba kabari iliyokazwa sawasawa haitoki ila kwa mapigo mazito ya nyundo, ambayo usiku husikika mbali, wakati iliyolegea hutoka kwa vidole bila kelele. Mwizi huanza na ile iliyo rahisi. Tulipokuwa na kambi za magenge kando ya njia, na mtu wa kutembea kipande chake kila siku akienda kwa reli ya kushoto na kurudi kwa reli ya kulia, kabari zilikuwa zimekazwa na macho yalikuwapo; kambi nyingi zilipobaki magofu, vyote viwili viliondoka pamoja.

Yapo mataifa yenye uwezo kuliko sisi yaliyolipia uzembe wa aina hii. Tarehe 12 Julai 2013, katika kituo cha Brétigny-sur-Orge kusini mwa Paris nchini Ufaransa, treni ya abiria iliacha njia na watu 7 wakapoteza maisha, baada ya kibao cha chuma cha kuungia reli kwenye makutano ya njia kufunguka na kugeuka mahali magurudumu yanapopita. Ilikuwa ni habari ya bolti zilizolegea na kutoka bila kushughulikiwa ipasavyo, na mwaka 2022 mahakama ilitia hatiani shirika la reli la nchi hiyo, SNCF. Kile kilikuwa kibao cha kiungo na si kabari ya taruma, lakini ugonjwa ni uleule.

Nitaambiwa kwamba sasa tuna reli ya kisasa, yenye upana wa milimita 1,435 na mataruma ya zege, ambayo tangu mwaka 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kwamba haya ya kabari ni mambo ya makumbusho. Ninaifurahia reli hiyo kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini wakazi wa Kigoma, Mpanda na Tabora bado wanategemea njia ya zamani, treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019 na Arusha mwaka 2020 kwa njia hiyohiyo ya zamani, na wenzetu wa Kenya waliifufua njia ya Nanyuki mwaka 2020. Njia ambayo bado inabeba watu haiwezi kutunzwa kana kwamba inasubiri kuzikwa.

Kama fedha zitapatikana, vifungio vya springi ni bora kuliko kabari, kwa sababu kipande cha chuma cha springi huendelea kukandamiza kitako cha reli kwa nguvu ya karibu tani moja hata taruma likitikisika, wakati kabari ikirudi nyuma milimita chache tu huwa haina kazi tena. Vifungio hivyo vinaweza kutiwa katika mataruma ya chuma yaliyo mazima, kwa kuchomelea au kupachika vishikio vipya mahali pa masikio. Ningeshauri waanzie kwenye kona kali, miinuko na maingilio ya madaraja, badala ya kuanzia karibu na stesheni kubwa ambako viongozi hufika kukagua. Kwingineko, kabari zitatosha miaka mingi ijayo iwapo zitatengenezwa kwa vipimo vya reli husika, maana katika njia yetu zimo reli za uzito wa ratili 56, 60 na 80 kwa yadi, na kabari ya moja haifai kwa nyingine. Na iwapo wataajiriwa tena watu wa kudumu wa kutembea njia, wakaaji wa maeneo hayohayo, wenye mshahara unaofika kwa wakati.

Ombi langu la mwisho linahusu taarifa za ajali. Treni ikiacha njia, wananchi tuelezwe ni vifungio vingapi vilikutwa vimekaza na vingapi vimelegea au havipo, katika mataruma 100 yaliyo kabla ya mahali gurudumu la kwanza lilipotoka, na lini kipande hicho kilikaguliwa kwa miguu mara ya mwisho. Kuhesabu hivyo ni kazi ya saa moja kwa watu wawili wenye nyundo na daftari, na inaweza kufanyika kabla winchi haijafika kuinua mabehewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mstaafu wa matengenezo ya njia ya reli,
Tabora.