Serikali inakopa mpaka dukani kwangu, ila hilo deni halisomwi Dodoma

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako, hili jambo limenikaa kifuani tangu Juni 2025, ile siku bajeti inasomwa, baridi ya Mbeya imekolea nimejikunyata dukani na koti langu nasikiliza redio, Mwigulu Nchemba ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha anataja bajeti ya shilingi trilioni 56.49. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Mwanjelwa, saruji, nondo, bati, misumari, hivyo hesabu sizikimbii. Nikasubiri nisikie deni ninaloidai serikali linatajwa. Wapi.

Kwanza nieleweke, mi nakisi ya bajeti, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, naielewa na wala sina ugomvi nayo. Chukua bajeti ya 2024/25, ilikuwa trilioni 49.35 na mapato ya ndani, yaani kodi, ushuru, tozo na makorokoro mengine yote, yalikadiriwa trilioni 34.61, kwa hiyo kwa lugha ya dukani kwenye kila shilingi 100 unayotaka kutumia 70 ni yako, 30 ukaitafute kwa wahisani, kwa mabenki ya nje au humu humu ndani kwa kuuza hatifungani, zile karatasi za serikali kukopa kwa watu. CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akaja kusema deni la serikali limefika trilioni 97.35 Juni 2024 wakati Juni ya mwaka uliotangulia lilikuwa trilioni 82.25. Trilioni 15 ndani ya miezi 12. Ukizisoma hizo pale sokoni watu wanawaka, kila mtu anakumbuka la kwake, mwingine tozo za miamala za 2021, mwingine anakumbuka 2023 tulivyoshangilia tozo ya kutuma hela imefutwa, kumbe bajeti hiyo hiyo imeweka shilingi 100 kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na kodi ya jengo kwenye umeme wa Luku ikatoka 1,000 ikaenda 1,500 kwa mwezi. Mi nondo zangu zinatoka Dar, zinapanda mlima Kitonga, zinapita Iringa na Makambako mpaka zifike hapa, hiyo mia mia ya dizeli naikuta imekaa kwenye bei.

Lakini hasira zangu ziko kwingine.

Kuna halmashauri moja huku nyanda za juu kusini, sitaitaja maana bado nataka hela yangu, ilichukua mzigo kwangu wa darasa na ofisi ya walimu. LPO, ile karatasi ya oda ya serikali, ikaja safi, mhuri upo, nikapakia. Jumla milioni 11 na laki 8 pamoja na VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani. Huu unaenda mwezi wa 14 sijaona hata shilingi. Nikipiga simu mhasibu ananiambia mzee wangu vuta subira, hela haijashuka, na kijana wa watu anaongea kwa heshima kweli mpaka naona aibu kumkaripia. Sasa sikiliza inavyokwenda, siku napeleka mzigo nilikata risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mashine ile haijui kusubiri, ikishatema risiti mauzo yamehesabika, tarehe 20 ya mwezi unaofuata natakiwa niwe nimepeleka VAT hata kama mnunuzi hajanilipa. Ukijumlisha VAT niliyoitoa wakati nanunua mzigo na ile niliyoongezea TRA, mamlaka ya mapato, ni milioni 1 na laki 8 imetoka mfukoni kwangu, yaani nimeilipia serikali kodi ya mzigo ambao serikali yenyewe haijanilipa! Na mzigo wenyewe niliuchukua kwa mkopo wa benki, milioni 8 riba asilimia moja na nusu kwa mwezi, laki na 20 kila mwezi inakatwa. Hiyo riba simdai mtu, hakuna pa kuiandika.

Sasa hili mnaliitaje? Mi naliita mkopo. Serikali imekopa kwangu bila kuniomba, bila riba, bila tarehe ya kurudisha, na wazabuni wa namna yangu tuko wengi, muulize anayepeleka mchele na maharage shule za bweni, muulize mwenye stationari, muulize mkandarasi mdogo wa barabara za mitaa. Mkandarasi mkubwa yeye ana mkataba mnene, akicheleweshewa anadai riba, na CAG huwa anaziandika hizo riba kwenye ripoti zake, hela inayoenda bila kujenga hata mtaro. Mimi wa LPO ya karatasi moja nadai riba wapi, nikileta maneno zabuni ijayo jina langu hata kwenye NeST, ule mfumo wa zabuni wa mtandaoni, watalipita.

Na hapa ndio wenzangu wananishangaa. Mwaka 2021 serikali ilichukua mkopo wa IMF wa trilioni 1.3 wa mambo ya Uviko, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, na ndipo likaja lile sakata la Spika wa Bunge wa wakati huo, Job Ndugai, kusema ipo siku nchi itapigwa mnada kwa madeni, Januari 2022 akajiuzulu. Nami niliuza saruji na bati kwenye madarasa yale. Nililipwa ndani ya wiki mbili! Kwa nini? Kwa sababu ule ulikuwa mkopo wenye jina, una mwenyewe, una tarehe, hela imeshaingia kabla mchanga haujamwagwa. Hili darasa la mwezi wa 14 ni la mapato ya ndani, lile tunalopigiwa makofi kwamba tumejitegemea. Kwa hiyo samahani sana kwa wanaosema serikali iache kukopa, mi naona itaendelea tu kukopa, ila itahama kutoka kwa mwenye nguvu ya kudai ije kwa mimi nisiye na nguvu.

Sisemi mikopo yote ni mizuri, watu wa Mbeya hatuwezi kusema hivyo. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, jiji likajenga jipya kwa mkopo wa benki wa mabilioni, jengo zuri kwa macho, kodi ya vyumba ikawa juu wafanyabiashara wakalikwepa, vyumba vikakaa vimefungwa muda mrefu huku benki inataka chake. Pale kosa lilikuwa hesabu ya nani atapanga na kwa bei gani, na hiyo hesabu angeulizwa mama muuza vitenge yeyote angewapa bure.

Ninachotaka ni kidogo. Halmashauri ibandike kwenye mbao za matangazo majina ya inaowadai na wanaoidai, kama inavyobandikwa orodha ya wapiga kura, ionekane fulani anadai kiasi gani tangu mwezi gani, na mradi mpya usianze kabla ya wa zamani kulipwa. Na TRA waangalie, mzabuni mwenye LPO ya serikali ambayo haijalipwa, VAT yake ingoje siku serikali inalipa, si wote wanatoka mfuko mmoja?

Mtoto wa dada yangu anasoma kwenye lile darasa. Juzi ananiambia mjomba darasa letu halivuji hata mvua inyeshe vipi. Nikamwambia vizuri, soma. Sikumwambia bati zile bado ni zangu.

Mhasibu kama unasoma gazeti hili, nakala ya LPO na risiti ninazo dukani, njoo hata Jumapili baada ya ibada, nitafungua.

Ni mimi mzabuni mvumilivu,
Mwanjelwa, Mbeya.