Sumaku kwanza, nyundo baadaye

Wiki iliyopita mteja mmoja alimkuta kijana wetu wa gereji anapitisha sumaku ya spika bovu kwenye boneti ya gari lake. Akacheka: "Shekhe, nimeleta gari linyooshwe, nyie mnaliagua?"

Hatuagui. Tunatafuta kujua tunachokwenda kukigonga ni kitu gani: sumaku inanata kwenye chuma, haishiki alumini wala puti nene ya kuzibia mabonyeo.

Zamani swali hilo halikuwapo sana. Magari ya mwanzo yalikuwa kiunzi cha mbao kilichovalishwa bati, nusu ya kazi ni ya seremala. Mwaka 1914 Dodge wakatoka na bodi ya chuma, wengine wakafuata, na fundi akawa mtu wa nyundo, moto wa gesi na puti. Land Rover ndiyo iliyowavuruga mafundi. Ilipotoka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, basi bodi ikawa ya alumini na chesesi, yaani fremu ya chini, ikabaki chuma. Mwenye Land Rover ya zamani hapa Tanga hahitaji kuelezwa: juu bado nzima, chini chesesi inamegeka kama biskuti iliyolowa chai. Tena pale alumini ilipofungwa juu ya chuma, maji ya chumvi yakipenya katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umetuna chini ya rangi.

Magari ya leo mnayaita makopo. Bati la nje ni jembamba, kweli. Lakini nguzo za milango katika mengi yake ni chuma kigumu kilichopashwa moto mkali na kupozwa ghafla kiwandani. Ukikipiga gesi, ugumu unatoka. Kwa macho nguzo imenyooka, rangi inang'aa. Siku ya ajali inakunjika pasipotakiwa. Mwezi uliopita tulipokea gari la namna hiyo, limetengenezwa kwingine. Sumaku iliteleza kwenye nguzo kama inapita kwenye ubao. Tulipokwangua tukakuta puti unene wa kidole, na chini yake alama ya gesi. Nguzo ya aina hiyo hatuinyooshi, tunabadilisha, na ndiyo maana bei yetu inawashtua watu.

Jambo jingine ni zinki. Mabati mengi ya magari ya sasa yamepakwa zinki kuzuia kutu, na ukichomelea, zinki inaungua. Kwa gari linalobeba samaki Deep Sea au linalolala Raskazone, kote huko kando ya bahari, kutu itaanzia palepale kwenye mstari wa kuchomelea, kwa hiyo hapo tunarudishia rangi ya chini yenye zinki hata mteja asipoomba.

Bampa za plastiki tunaziunga kwa joto, kazi ya saa chache. Na msidharau mbao za ndani ya milango: Mercedes wamewahi kuzitengeneza kwa nyuzi za mkonge, mkonge huuhuu wetu.

Picha za WhatsApp tutumieni, lakini bei hatutaji hadi gari lifike. Kukagua ni bure, njooni asubuhi kabla jua halijachoma bati.