Kaka, mwache binti asomee mashine

Kaka yangu, shikamoo.

Wifi kanipigia. Binti kapata daraja la kwanza, nimefurahi mpaka machozi. Halafu akaniambia umemkatalia PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, eti hutaki mwingine wa kusomea mashine za hospitali kama mimi kwenye ukoo. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nawe ulisema mbele ya watu.

Ilikuwa siku ya arobaini, wazee wako mkekani, sinia za pilau hazijaondolewa. Ukasema, "Baba anakata roho, daktari wetu anaosha sponji." Wengine wakacheka, kisha wakaniona, wakainamisha nyuso. Wewe hukunitazama.

Hujawahi kuniuliza kuhusu ile sponji. Mashine ya oksijeni iliyokuwa pembeni ya kitanda haina mtungi. Inavuta hewa ya humo humo wodini, inaipitisha kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa nitrojeni, na mgonjwa anapata kinachobaki. Pale hewa inapoingilia pana sponji ya kuchujia. Ile ya baba ilikuwa imezibwa na vumbi, kijivu tupu, ukiigusa unaacha alama ya kidole. Kipimo kinaonyesha lita 5 kwa dakika, sawa, lakini lita 5 za nini, oksijeni au hewa ya kawaida? Pale wodini hapakuwa na kifaa cha kutujibu. Nikaichomoa, nikaiosha kwenye sinki kwa sabuni ya kunawia, nikaikamua ndani ya khanga yangu na kuikamua tena, maana unyevu unaiharibu zeolaiti. Hata leo ningeiosha, kaka.

Nawe ulikuwa umeshikilia namba ya kile kibanio cha kidoleni kinachoonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu. "Si 94 hiyo? Mzee anaendelea vizuri." Midomo ya baba ilikuwa imeshabadilika rangi! Kibanio kile ndicho ninachokifanyia utafiti. Kinapitisha mwanga mwekundu na infraredi kidoleni, kinakadiria oksijeni kwa mwanga unaotokea upande wa pili, na weusi wa ngozi unaweza kukidanganya. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha ulinganisho wao: pale kifaa kilipowasomea wagonjwa weusi 92 hadi 96, karibu vipimo 12 katika kila 100, damu yenyewe ilipopimwa, ilikuwa chini ya 88. Kwa wazungu havikufika 4. Nani atarekebisha hilo kama si sisi wenye ngozi hii? Na Takuo Aoyagi, Mjapani aliyebuni namna hiyo ya kupima miaka ya 1970, alikuwa mhandisi. Hakuwa daktari.

Unadhani nakaa kwenye kiyoyozi nikisubiri cheti. Kibali cha maadili ya utafiti kinarudishwa kwa sentensi moja ya fomu ya ridhaa. Sensa zinakwama forodhani, posho inachelewa, msimamizi anataka grafu Jumatatu. Kuna wakati mawimbi yalikuwa yanatetemeka kwenye skrini, tukafungua saketi yote, kumbe ni taa ya tyubu darini: umeme wa hezi 50 unaifanya ipepese mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, sensa inaona. Tulipoizima, mapigo ya moyo yakajichora laini, moja baada ya jingine. Nilitamani ungekuwepo.

Maana ni wewe uliyeuza pikipiki nimalize digrii ya kwanza. Ni wewe uliyenibebea godoro mpaka ghorofani bwenini ukamwambia kila tuliyepishana naye, "Huyu mdogo wangu." Ndiyo maana neno la mtu mwingine lingepita, lako limekwama.

Mwambie binti ajaze PCM kabla dirisha la kubadili tahasusi halijafungwa. Akipenda kuanza na stashahada, DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wanafundisha uhandisi wa vifaa tiba. Sare na madaftari nitanunua mimi shangazi yake. Nauli ya kwenda kuripoti ni juu yako, wewe ndiye baba yake.

Msalimie wifi.