Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Vitabu vya Maktaba Viingie Nyumbani

OFISI YA MWALIMU MKUU
Shule ya Msingi, Jiji la Tanga
Juni

Kwa wazazi na walezi wote

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA USOMAJI WA VITABU VYA MAKTABA WAKATI WA LIKIZO

Ndugu wazazi na walezi,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Poleni na majukumu, na asanteni kwa ushirikiano mliotupa tangu Januari.

Muhula umekwisha salama. Ripoti ya mtoto imo ndani ya bahasha hii. Naomba muisome pamoja naye kabla ya kuiweka. Mambo ya mahudhurio, mitihani na chakula cha mchana, Mwenyekiti wa Kamati ya Shule atayaeleza kwenye kikao cha Julai. Mimi leo nina jambo moja tu, nalo ni maktaba yetu, kwa sababu hapo ilipofika haiwezi kusonga mbele bila ninyi.

Mmeona kwamba mwaka huu kila Ijumaa mtoto anarudi na kitabu cha hadithi, mbali na vile vya kiada. Baadhi yenu mmekirudisha Jumatatu alfajiri kwa mkono wa mtoto, na ujumbe wa heshima kwamba mali ya serikali isije ikachanika ikawa deni. Kuna kitabu kimoja kilikaa ndani ya sanduku la nguo siku zote mbili, kikarudi kisafi, hakijafunguliwa hata ukurasa. Hofu hiyo naielewa, kwani inatoka kwa watu wanaoheshimu mali ya umma. Lakini inamnyima mtoto kitu anachokihitaji sana, kwa hiyo naomba niliseme hili bila kuzunguka: kitabu cha maktaba kikichanika, kikilowa au kikipotea, shule haitamdai mzazi hata shilingi. Mtoto hatachapwa wala kutajwa mstarini. Atamweleza mwalimu wa maktaba ilivyokuwa, itaandikwa kwenye rejista, na kama kitabu kinashoneka, atakaa na wenzake wakishone. Mchwa na unyevu wa pwani hii yetu huharibu vitabu vilivyofungiwa kabatini, navyo vikaisha bila kumfaa mtu.

Sasa niwaeleze kwa nini tumelishikilia jambo hili. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi, mara nyingi kufikia Darasa la Pili, anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, nasi tunaomsikiliza tukaridhika kwamba anajua kusoma. Hebu mfunikie kitabu umuulize: huyu mzee alikuwa anakwenda wapi, na kwa nini alirudi njiani? Wengi hunyamaza. Wameyatamka maneno yote, habari yenyewe hawakuipata. Katika madarasa ya chini hili halionekani sana. Kuanzia Darasa la Tatu masomo yanamtaka mtoto asome ndipo ajifunze: maelezo ya Sayansi, maswali ya Hisabati yenye habari ndefu, na mengineyo. Hapo anayetamka bila kuelewa huanza kubaki nyuma, na watu wazima tukaanza kumwita mvivu. Si mvivu. Hajasoma vya kutosha. Kuelewa huja kwa kusoma vingi, vyepesi na vigumu, na vingine kuvirudia kwa sababu tu vimempendeza. Vipindi vya darasani havitoshi kwa kazi hiyo, hata mwalimu awe hodari vipi.

Ndiyo maana kila darasa sasa lina kipindi chake cha maktaba, ambacho hatukitumii kufidia somo lingine. Ndani ya kipindi hicho hakuna mtihani. Mtoto anachagua mwenyewe, anakaa mkekani, anasoma. Wa Darasa la Sita wanasoma na wadogo wao wa Darasa la Kwanza, wawili wawili, na nimeona vijana waliokuwa wakiona haya kusoma mbele ya wenzao wakisoma kwa kujiamini kabisa mbele ya mtoto mdogo. Ijumaa mstarini, mwanafunzi mmoja husimulia kitabu alichokimaliza, akaishia pale penye utamu. Kitabu hicho siku hiyo hugombewa.

Shughuli iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya wazee. Tuliwaalika babu na bibi za wanafunzi waje kutoa ngano, na wanafunzi wakaziandika. Bibi mmoja alisimulia kwa Kidigo, mjukuu wake akawa anafasiri, na darasa zima likaitikia wimbo wa ndani ya hadithi bila kufundishwa. Mvuvi mstaafu alieleza majina ya pepo zinazovuma baharini na namna walivyokuwa wakijua bahari imekataa. Watoto waliandika rasimu, wakabishana juu ya maneno, wakarudi kwa wazee kuuliza walipokwama, wakaandika upya kwa mwandiko mzuri, wakachora picha na kuzishona kurasa kwa uzi wa magunia. Vijitabu hivyo viko rafuni pamoja na vitabu vilivyochapwa, vina kadi zake za kuazima, navyo ndivyo vinavyoombwa sana. Natamani kila mzee wa mitaa hii mwenye ngano apite shuleni kwetu. Kama ni nyumbani kwako, tuletee jina lake.

Darasa la Saba nao walitengeneza ubao wa habari za Shaaban Robert. Wengi hawakujua kwamba mtu huyo, ambaye jina lake wanalisikia kila wanapofundishwa ushairi, alizaliwa mwaka 1909 huku huku Tanga, upande wa Machui, na kwamba alikuwa karani wa serikali aliyeandika huku akiwa na kazi yake. Tangu siku hiyo wapo wanaoandika mashairi na kuyabandika mlangoni mwa maktaba. Vina bado vinalegalega, lakini wanaandika.

Kwa likizo hii, kila mtoto kuanzia Darasa la Tatu anakuja na vitabu viwili, na wadogo kimoja chenye picha. Ombi langu ni kwamba apatiwe muda kidogo kila siku, wakati ambao nyumba inauweza. Kwa wanaokwenda chuoni (madrasa) jioni, labda asubuhi kabla ya jua kukolea. Kwa wengine, baada ya chakula cha usiku, kama taa ipo. Akisoma, kaa naye umsikilize. Usimkatize kwa kila kosa. Akimaliza, mwambie akueleze kwa maneno yake, na umuulize: ikawaje? Wewe ungefanyaje? Mzazi ambaye hakubahatika kwenda shule anaweza kazi hii sawasawa na mwenye shahada, kwa kuwa anayetakiwa kusoma ni mtoto. Wapo mama na baba wa aina hiyo wanaofanya hivyo tayari, na watoto wao tunawatambua darasani.

Naomba pia tuwaangalie mabinti. Tukiwauliza wa madarasa ya juu kwa nini kitabu hakikusomwa, jibu ni lile lile: maji, vyombo, kumlea mdogo. Kaka zao hatulisikii kwao. Kazi za nyumbani ni malezi na sizipingi, ila zikigawanywa kwa wote, binti naye atapata nafasi ya kusoma.

Anayesafirishwa kijijini asafiri na vitabu vyake. Kwa mliopo mjini, Maktaba ya Mkoa iko karibu. Mpeleke mtoto walau mara moja, azione rafu ndefu, na muulize pale utaratibu wa kujiunga.

Tukifungua Julai tutaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 na ambayo huangukia Sabasaba. Kila darasa litatoa wasimulizi, na wazazi mnakaribishwa kuketi na kusikiliza. Mwenye uwezo wa kutusaidia mikeka, karatasi za kaki za kufunikia vitabu, au siku moja ya ufundi wa kuinua rafu zisigusane na ukuta, amwone mwalimu wa maktaba. Ni kwa hiari. Mtoto wa asiyetoa ataazima vitabu sawa na wenzake.

Vitabu vya likizo virudishwe katika wiki ya kwanza ya muhula wa pili, vikiwa katika hali yoyote. Kikao cha wazazi kitafanyika wiki inayofuata, na tarehe mtaletewa na watoto.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika malezi ya watoto wetu,

MWALIMU MKUU

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule