Mazoezi ya Jumamosi, na neno kuhusu Walter

Ndugu zangu, habari za jioni. Jumamosi saa kumi tunakutana palepale karibu na Ngome Kongwe, kuendelea na tamthilia yetu, A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry. Tuwahi jamani, jua likizama hatuna taa.

Kuhusu Walter, mhusika wetu mkuu. Juzi tulimcheza kama mlevi wa kufokafoka tu, na roho iliniuma. Huyu ni dereva wa tajiri huko Chicago, amebanana na familia kwenye nyumba finyu, kiu ya kuwa mtu imemkaba kooni. Mama yake, Lena, anamkabidhi dola 6,500 za bima ya marehemu baba, 3,000 zikiwa za masomo ya udaktari ya mdogo wake, Beneatha. Zote anampa rafiki wafungue duka la pombe, na rafiki anatokomea nazo. Kosa hilo tusilipunguze hata kidogo. Watazamaji wamkasirikie kweli.

Halafu anakuja Lindner, mjumbe wa wakazi wa mtaa wa Wazungu ambako Mama amenunua nyumba, na fedha ili wasihamie huko. Walter alishaamua kuzipokea. Ila Mama anataka mjukuu wake Travis, mtoto wa Walter, abaki ashuhudie. Hapo naomba taratibu kabisa: sauti ikwame, macho chini, kisha mkono utue begani kwa mtoto. Walter aanze kumtaja marehemu baba yake. Kukataa kutoke humo, si kwa kupiga kelele.

Na kopo la ua la Mama Lena lisisahaulike tena. Analirudia mwishoni, nyumba ikiwa tupu.