Fomu ya dawa ya kontrasti iandikwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie ombi moja wasimamizi wa hospitali zetu zenye CT-Scan na MRI, mashine za kupiga picha za ndani ya mwili: fomu anayotia saini mgonjwa kabla ya kuchomwa dawa ya kontrasti, ile inayoingizwa mshipani ili picha ionekane vizuri, iandikwe kwa Kiswahili.

Mwaka jana mama yangu, mwenye umri wa miaka 74 na anayeishi na kisukari, alipelekwa kupigwa CT-Scan ya tumbo. Mapokezi alikabidhiwa karatasi ya Kiingereza yenye visanduku vya ndiyo na hapana, na kimojawapo kiliuliza kuhusu udhaifu wa figo kwa maneno ya kitabibu ambayo hata mimi, mwalimu wa sekondari, ilinibidi niyatafute baadaye. Mama aliweka alama ya hapana kila mahali, akiamini kwamba hivyo ndivyo mtu anavyoruhusiwa kupimwa. Damu yake haikupimwa kreatinini, yaani taka ya mwili ambayo huongezeka katika damu figo zinapodhoofika. Alikuwa hajanywa maji tangu usiku uliotangulia kwa kuwa aliambiwa afunge, na kwa wiki nzima alikuwa akimeza diklofenaki kwa ajili ya maumivu ya magoti. Siku ya tatu mkojo ulipungua na miguu ikavimba, akalazwa siku tisa. Daktari aliyemtibu alitueleza kwa uungwana kwamba hawezi kuitupia dawa ya kontrasti lawama yote, kwani upungufu wa maji, dawa ya maumivu na figo zilizokwisha kuchoka kwa kisukari vilikutana siku moja. Namwamini, na ndiyo maana nasema kwamba maswali matatu kwa lugha anayoielewa mama yangu yangeyafichua yote hayo kabla ya sindano.

Dawa inayotumika kwenye CT-Scan ina madini ya aidini, ambayo huzuia miale ya eksirei na hivyo kuionyesha mishipa na viungo waziwazi. Mwili hauitumii kwa lolote, bali huitoa kwa njia ya figo, na mwenye figo nzima huimaliza karibu yote ndani ya siku moja. Kwa mwenye figo dhaifu hukaa muda mrefu zaidi, na kreatinini ikipanda huanza kupanda ndani ya siku moja au mbili, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani na hakuna anayemwangalia.

Sipendi barua hii imtie mtu hofu akakataa kipimo. Mwaka 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walitoa tamko la pamoja kwamba hatari ya dawa hii ilikuwa imekuzwa kupita kiasi kwa miaka mingi, na kwamba wa kuangaliwa hasa ni wale ambao uwezo wa figo kuchuja damu umeshuka chini ya mililita 30 kwa dakika, pamoja na wale ambao figo zao zimeumia ghafla. Aliyepata ajali au anayeshukiwa kuvuja damu ndani hapaswi kucheleweshwa kwa kusubiri majibu ya maabara. Mama yangu hakuwa na dharura yoyote.

Kreatinini peke yake nayo hudanganya. Kiwango cha mikromoli 110 kwa lita kwa kijana wa kiume wa miaka 25 humaanisha kwamba figo zake zinachuja kwa zaidi ya 80, lakini kiwango hichohicho kwa bibi wa miaka 74 humaanisha takriban 45 tu. Maabara zetu zikiandika kwenye majibu na hesabu hiyo ya uwezo wa figo kuchuja, zitakuwa zimewasaidia madaktari na wagonjwa.

Kwamba kuuliza kunaokoa, ushahidi upo katika dawa ya MRI, ambayo ina madini ya gadolini. Mwaka 1997 huko California walionekana wagonjwa wa figo ambao ngozi yao ilikuwa inakakamaa mpaka viungo vikashindwa kukunjika, na sababu haikujulikana hadi mwaka 2006, madaktari wa Austria na Denmark walipoihusisha na baadhi ya dawa za gadolini. Hospitali za huko zikaanza kuwachunguza figo wagonjwa kabla ya kuwachoma na kuziacha dawa zile za hatari zaidi, na wagonjwa wapya wakawa nadra sana.

Fomu ninayoiomba haihitaji bajeti kubwa. Iulize: Je, umewahi kuambiwa figo zako zina tatizo, au unasafishwa damu? Je, una kisukari au presha, na unatumia metformini (dawa ya kisukari) au dawa za maumivu? Je, siku hizi umetapika, umeharisha au hukunywa maji? Swali la metformini lisiachwe, kwani figo zikidhoofika dawa hiyo hujilimbikiza mwilini na kuichafua damu kwa asidi. Mwenye figo dhaifu huelekezwa na daktari aisimamishe kwa saa 48, kisha figo zipimwe kabla ya kuirudia. Asiyejua kusoma asomewe, na majibu yake yaandikwe na muuguzi au mtaalamu wa radiolojia, badala ya kumwachia mjukuu aliyemsindikiza.

Wako mwaminifu,
Mwalimu na msomaji wa gazeti hili,
Morogoro